Sanduku la Vioo Kutoka Bunda hadi Musoma

Basi la Mwanza liliniacha stendi ya Bunda saa nne asubuhi, jua limeshakolea juu ya mlima wa Balili. Begi la nguo nilikuwa nimelitupia mgongoni, na kifuani nimekumbatia sanduku la mbao ambalo kondakta alitaka liingie kwenye buti nami nikakataa katakata. Ndani yake mlikuwa na ubao mzito wa mninga, leza ndogo nyekundu, vioo viwili vya kawaida, kioo cha tatu kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, na lenzi moja. Ukivipanga sawasawa unapata intaferomita. Chombo cha umbo hilohilo, kikubwa mno kuliko changu, ndicho kilichonasa mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya nafasi yenyewe, kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015.

Nilichagua mkoa wa Mara kwa sababu ya dhahabu. Huku dhahabu inachimbwa tangu enzi za ukoloni, na bei ya gramu moja inajulikana hadi kwa mama muuza maandazi. Lakini ushahidi bora tulio nao juu ya mahali dhahabu inakotengenezwa ulipatikana kwa vioo na mwanga, mwaka 2017, na habari hiyo haijawafikia wengi wa wanaoishi juu ya mawe yenyewe. Mimi naona huko ni kuwanyima watu sehemu ya mali yao.

Shule ya kwanza ipo karibu na barabara kuu iendayo Sirari. Mwalimu wa fizikia alikuwa ameziba madirisha ya maabara kwa magunia, wanafunzi wamebanana hadi mlangoni. Niliwasha leza. Mwanga ukagonga kioo cha kati na kugawanyika: nusu ikaenda mbele, nusu ikakata kushoto. Kila nusu ikafika kwenye kioo chake, ikageuza, zikakutana tena pale zilipoachana, zikapita kwenye lenzi na kutua ukutani. Hapo hapakuwa na doa moja jekundu kama walivyotarajia. Palikuwa na mistari: mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi.

“Mwalimu, mwanga ukiongezwa kwenye mwanga unazaaje giza?” akauliza binti mmoja wa dawati la mbele.

Swali hilo ndilo moyo wa chombo chote. Mwanga ni wimbi. Kilele cha wimbi la mkono mmoja kikikutana na kilele cha wimbi la mkono wa pili, mwanga unazidi. Kilele kikikutana na bonde, vinafutana. Wimbi la leza yangu lina urefu wa kama nanomita 650. Kioo kimoja kikisogea robo ya hapo, penye mwanga panageuka giza na penye giza panawaka. Unywele wa binadamu una unene unaozidi mwendo huo mara mamia, na bado darasa zima linauona mwendo wenyewe ukutani, kwa macho matupu.

Nikiwa katikati ya maelezo, lori la tela likapita barabarani. Mistari ikatetemeka, ikakimbia, ukuta ukabaki wekundu uliovurugika, kisha ikarudi mmoja mmoja. Kelele iliyopigwa mle ndani ilimleta mkuu wa shule mlangoni. Baada ya hapo hawakuhitaji kuambiwa cha kufanya: walisubiri kila gari. Bodaboda haikuacha alama. Basi lilitikisa kidogo. Lori lililosheheni lilifuta kila kitu.

Niliwaambia kuwa LIGO, jozi ya vituo vya Marekani, kimoja Hanford upande wa magharibi na kingine Livingston, Louisiana, vinapambana na tatizo hilohilo. Kila kituo kina mikono miwili ya kilomita 4 iliyokaa kwa pembe mraba. Wimbi la mvutano likipita, mkono mmoja unarefuka kidogo na mwingine unafupika. Lile la 2015 lilibadilisha urefu wa mikono kwa kiasi kilicho kidogo mara mamia kuliko upana wa protoni moja. Sasa fikirini lori la Bunda, nikasema, na darasa likaguna.

Mchana nikapanda Hiace kwenda Kiabakari. Barabara inapita kwenye mashamba ya pamba, mihogo na mtama, na kadiri unavyosonga kaskazini ndivyo mawe makubwa ya itale yanavyozidi kuchomoza. Dereva aliniwekea sanduku mbele, karibu na miguu yake, akaendesha kwa adabu njia nzima.

Pembezoni mwa Kiabakari nilipelekwa kwa mzee mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Unaisikia kabla hujaiona, na ardhi inakwambia miguuni.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mura. Umebeba nini kwa mapenzi hivyo?”

Nilimweleza, naye akasema nitaonyesha changu baada ya kuona chao. Vijana wake walikuwa wanasaga mawe yaliyotolewa kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, usiku wa kuamkia siku hiyo. Unga wa mawe ukachanganywa na maji kwenye beseni, halafu kijana mmoja akafungua kichupa na kumimina zebaki. Aliikoroga kwa mkono mtupu. Zebaki inakamata chembe za dhahabu na kuacha mchanga. Alipoikamua kwenye kitambaa likabaki bonge dogo la rangi ya fedha, na baada ya kuchomwa kwenye moto wa mkaa, zebaki ikapaa mvuke na dhahabu ikabaki, punje isiyotosha kufunika kucha ya kidole kidogo. Mvuke ule unaingia mapafuni, unaharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Nilimwambia mzee hivyo bila kuzunguka. Alinijibu kuwa anajua, ameshaona mikono ya wenzake ikitetemeka, ila chombo cha kunasa mvuke huo hakijafika kwenye duara lao. Jibu hilo lilinikaa rohoni safari nzima. Kama kuna kitu kimoja ningependa kiharakishwe huku, ni hicho chombo.

Zebaki ilinirudisha kwenye sanduku langu. Mwaka 1887, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, Albert Michelson na Edward Morley walijenga intaferomita kwenye chumba cha chini ya ardhi. Vioo vyao vilikaa juu ya bamba la jiwe la mchanga lenye upana wa kama mita moja na nusu na unene wa sentimita 30, na jiwe hilo waliliegesha kwenye mfereji wa zebaki ili lielee, ligeuke taratibu bila kukwaruza na lisisikie mitikisiko ya mtaa. Walikuwa wanautafuta etha, kitu kilichodhaniwa kujaza anga na kubeba mwanga. Hawakuukuta. Ukimya wa mistari yao ukawa mojawapo ya matokeo makubwa ya fizikia.

“Jiwe juu ya zebaki,” akasema mzee, akitazama beseni. “Na dhahabu inaingia wapi?”

Nilimwambia tuzime karasha kwanza. Akazima.

Dhahabu haitengenezwi ardhini. Volkano na mito huihamisha tu na kuikusanya. Atomu yake ni nzito mno hata nyota ya kawaida kama jua letu haiwezi kuiunda. Inahitaji mahali penye nyutroni nyingi zinazomwagika kwa pamoja ndani ya muda mfupi sana. Kwa miaka mingi wataalamu walizishuku nyota nyutroni, mabaki ya nyota kubwa zilizolipuka. Moja ina uzito unaozidi wa jua, lakini imefinywa hadi upana wa kilomita 20 hivi. Mbili zikizungukana zinapoteza nguvu kwa njia ya mawimbi ya mvutano, zinakaribiana, mwisho zinagongana.

Tarehe 17 Agosti 2017, saa 9:41 alasiri kwa saa zetu, mawimbi ya mgongano wa namna hiyo yalipita kwenye vioo vya LIGO. Ishara yake ilidumu kama sekunde 100, mitetemo ikizidi kasi hadi mwisho. Sekunde 1.7 baadaye satelaiti ya Fermi ikaona mmweko wa miali ya gama. Kituo cha tatu, Virgo, kilicho karibu na Pisa nchini Italia, kilikuwa kazini. Ishara kwake ilikuwa hafifu sana, na uhafifu huo ukawaonyesha watafiti kwamba tukio lilikuwa upande wa anga ambao Virgo haioni vizuri. Eneo la kutafuta likapungua. Kabla ya nusu siku kupita, darubini ya Chile ikaona nukta mpya ya mwanga kwenye galaksi ya NGC 4993, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130. Darubini za dunia nzima zikaigeukia, ikiwemo ile kubwa ya Afrika Kusini iliyoko Sutherland. Nukta hiyo ilianza na rangi ya samawati, na kwa siku chache ikageuka nyekundu, kama mahesabu yalivyotabiri kwa wingu linalojaa atomu nzito. Mwaka 2019 alama ya strontiamu, moja ya atomu hizo nzito, ikatambuliwa kwenye mwanga ule. Dhahabu yenyewe haikusomwa mstari kwa mstari, ila kwa mahesabu ya wingu zima, makadirio mengi yanasema ilitoka dhahabu yenye uzito unaozidi wa dunia yetu. Wataalamu bado wanajadili kama kuna vyanzo vingine, na nadhani vitapatikana. Kwamba hiki ni kimoja, hakuna tena shaka ya maana.

Mzee aliinua ile punje. “Kwa hiyo hii ilikuwepo kabla ya jua?”

“Kabla ya jua, baba, na kabla ya dunia. Miamba ya Mara ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, lakini dhahabu iliyomo ndani ni ya zamani kuliko miamba.”

Akawaita vijana wote wa karasha, akaniambia nianze upya, tangu mwanzo, na nisiruke kitu.

Butiama nilifika jua likielekea kuzama. Nilipitia Mwitongo kwanza, kama inavyostahili, kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere, katikati ya mawe makubwa aliyokulia. Kisha nikaenda shuleni nilikokuwa nangojewa.

Mawe hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza tangu Bunda. Nyuma ya madarasa kuna mwamba wa itale ulio bapa, uliotoka chini kabisa na kushikana na dunia. Tulisubiri giza, tukaweka ubao wa mninga moja kwa moja juu ya jiwe, wanafunzi wakashika shuka jeupe kuwa ukuta. Mistari ikatokea, ikatulia. Sikuwa nimeiona ikitulia namna ile tangu nilipoujenga ubao huo. Hakuna lori, hakuna karasha. Mwanafunzi akitembea kwenye nyasi hakuna kilichotikisika.

Sasa ndipo mambo madogo yakaonekana. Nilimwomba kijana mmoja apeleke kiganja chini ya njia ya mwanga, bila kugusa chochote. Mistari ikaanza kuogelea na kujipinda. Joto la mkono wake lilikuwa limepasha hewa, na hewa ya moto hupitisha mwanga kwa kasi tofauti kidogo na hewa baridi. Ndiyo maana mikono ya LIGO ni mabomba ya chuma yenye kipenyo cha mita 1.2, yaliyonyonywa hewa hadi kubaki ombwe. Halafu nikafunga jiwe kwenye uzi, nikalining’iniza. Nikitikisa mkono taratibu jiwe linafuata. Nikiutikisa haraka haraka jiwe linabaki mahali pake. Vioo vya LIGO vinaning’inia hivyo, bembea juu ya bembea, ngazi nne, na ngazi ya mwisho imeshikwa kwa nyuzi nne za silika zenye unene usiofika nusu milimita. Kila kioo kina uzito wa kilo 40.

Mwalimu wa fizikia wa pale, kijana aliyesoma Dar es Salaam, alitaka kujua zaidi ya hapo. Tulikaa juu ya jiwe hadi usiku mkubwa, tukichora kwenye daftari lake kwa tochi ya simu. Hakuelewa kwa nini wajenzi wanapanga vioo ili upande wa kipokezi uwe karibu na giza kabisa. Nilimwambia jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika usanifu huu. Badiliko dogo likitokea penye mwanga mkali halionekani. Likitokea penye giza, chembe chache za mwanga zinazovuja zinatosha kulitangaza. Na kama mwanga hauendi kwenye kipokezi, lazima unarudi ulikotoka, yaani kwenye leza. Huo ni mwanga wa bure. Wakaweka kioo njiani, kikaurudisha ndani tena.

Kila mkono nao una kioo cha ziada karibu na mgawanyiko, kwa hiyo mwanga unakwenda na kurudi takriban mara 300 kabla ya kutoka, na mkono wa kilomita 4 unafanya kazi ya mkono wa zaidi ya kilomita 1,000. Leza inaingiza makumi ya wati. Ndani ya mikono mwanga unajikusanya hadi mamia ya kilowati. Kwa mwanga mwingi kiasi hicho, utando wa kioo unatakiwa ufyonze chini ya sehemu moja katika milioni, la sivyo kioo kinapata joto, kinavimba, na mwanga unapotea njia. Utando wenyewe ni tabaka nyembamba za aina mbili zinazopishana, na mtetemo wa joto wa atomu zake ni moja ya kelele zinazowanyima wataalamu usingizi mpaka leo.

“Basi waongeze mwanga tu,” akasema.

Hapo ndipo penye mtego. Mwanga unakuja kwa chembe, fotoni, nazo haziji kwa mpangilio sawa. Zikiwa chache, idadi yake inayumba na kipimo kinakuwa na chenga. Zikiwa nyingi, chenga zinapungua, lakini kila fotoni inapogonga kioo inakisukuma, na msukumo usio sawa unakiyumbisha. Ukikimbia kelele moja unaikuta nyingine. Uzito wa kilo 40 ni jibu mojawapo. Jibu lingine, linalotumika katika uchunguzi tangu 2019, ni kuingiza kwenye upande wa giza mwanga wa pekee ambao kuyumba kwake kumebanwa upande mmoja, ili kutokee upande mwingine kusikodhuru.

Nilimkumbusha pia kwamba habari hii ina mguu wake Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa uchunguzi wa anga kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Ndiyo iliyobaini kuwa Centaurus X-3 ni nyota nyutroni inayozunguka pamoja na nyota mwenzake. Alinitazama kama nimemficha ndugu yake kwa miaka mingi.

Musoma ilinipokea kwa upepo. Nilikula sato kwa ugali wa muhogo Mwigobero, nikitazama kivuko kikiondoka kwenda Kinesi, mawimbi yakipiga mawe bila kupumzika. Mawimbi ya maji ni adui wa LIGO kwelikweli. Dhoruba ikichafua bahari, mapigo yake yanasafiri chini ya ardhi hadi mamia ya kilomita, polepole, pigo moja kila sekunde chache, na kituo cha Livingston, kisicho mbali na Ghuba ya Meksiko, kinaweza kushindwa kabisa kuvishika vioo vyake mahali pake.

Shule niliyotembelea mjini ilikuwa na kidato cha sita, na hao walitaka mahesabu. Mmoja alishasikia kuwa Wamarekani wanapendekeza kituo kipya, Cosmic Explorer, chenye mikono ya kilomita 40 na vioo vya kilo 320. Niliwauliza: kilomita 40 ni wapi na wapi? Wakajibu kwa pamoja, Butiama. Kila mtoto wa Musoma anajua kuwa mwaka 1934 Mwalimu, akiwa na miaka 12, alikuja kwa miguu kutoka Butiama kusoma Mwisenge, safari ya karibu umbali huo. Kwa mstari ulionyooka ni pungufu, lakini tukakubaliana kuwa mkono wetu utaanzia Butiama na kupitiliza hadi ziwani.

Tatizo ni kwamba mwanga unakwenda moja kwa moja na dunia imepinda. Hata kwenye kilomita 4 za LIGO upindo huo unazidi mita moja, na wajenzi ilibidi waufidie. Kwa kilomita 40, kundi la nyuma lilipata jibu kabla sijamaliza kuandika ubaoni: ukichukulia ardhi tambarare, katikati ya njia bomba litakuwa mita 31 chini. Kiabakari je? akauliza mmoja, karasha zitatikisa. Mwingine akataka kituo kihamishiwe mbali na watu, upande wa Serengeti. Mwingine akasema nyumbu.

Nikawaeleza kuwa mwaka 1972 Rainer Weiss, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya 2017 pamoja na Kip Thorne na Barry Barish, aliandika taarifa akiorodhesha kelele moja baada ya nyingine ambazo chombo cha namna hii kingekutana nazo. Mwalimu wao akachukua chaki, akagawa ubao safu mbili, akaanza: malori ya Sirari, karasha, mawimbi ya ziwa, radi. Alipofika kwa nyumbu akasimama, akageuka, akauliza nani ana ndugu katika kijiji cha Robanda aliyewahi kulala karibu na kundi likipita usiku, na mikono minne ikanyooshwa.